Kucha za Saidati

"Fungua viganja," alisema mwalimu Murekatete.

Saidati akafungua. Mwalimu akaigeuza mikono yake, akatazama hadi chini ya kucha. Hakuona wino. Akakagua kola na soksi, huko nako akaambulia patupu. Badala ya kutulia, akazidi kushuku.

Maana binti huyu alishika mkia katika hesabu tangu zamani, na mwalimu mwenyewe alikwisha kumwambia mbele ya wenzake kwamba hesabu si za kila kichwa. Muhula huu, ghafla, anamkaribia Hirwa, kipanga wa darasa. Njia ya mwongo ni fupi, mwalimu alijiambia.

Akamtenga na Hirwa. Alama hazikushuka. Akamtungia maswali ya peke yake, akakaa mbele yake akimkodolea macho. Saidati alikosea, akafuta, akarudia, akakosea tena, akarudia. Hilo ndilo lililomkera mwalimu zaidi. Zamani akikosea alilaza kichwa mezani. Nani amemfundisha ukaidi huu?

"Nani anakusaidia nyumbani?"

"Mama tu, mwalimu. Lakini yeye hakusoma."

Mwalimu mkuu akaagiza mama aitwe. Ukithibitika wizi wa majibu, Saidati atarudia darasa huku wenzake wakienda sekondari. Mtoto akalia bila sauti, na Murekatete akaona hata machozi yale yana hila.

Murekatete hakumjua mama huyo. Wachuuzi wa mpakani hawaonekani shuleni, alfajiri wako ng'ambo, Goma, na nyanya zao. Kati yao aliyemjua ni mmoja tu, mama yake Hirwa. Alimkuta siku ya kufunga shule muhula uliopita, mvua ikimwagika, amemfunika Hirwa kwa kitenge chake. Hirwa alipokimbilia barabarani, mwalimu akamsifia mama huyo mtoto wake, na mama akalia pale pale, beseni kichwani. Mwalimu alishangaa. Mzazi aliyezoea sifa analia nini?

Asubuhi ya pili hodi ikabishwa ofisini. Akaingia mwanamke mwenye beseni tupu na tope miguuni. Murekatete akainuka, uso umekunjuka.

"Karibu, mama Hirwa. Ila leo namngoja mzazi mwingine."

"Hirwa ni mutoto ya jirani," mwanamke akajibu. Akamwendea Saidati aliyesimama ukutani, akamshika bega. "Mi niko mama ya huyu. Madame, ile siku ya mvua uliniambia mutoto yangu iko na akili mingi, akikosea arudilie tu. Ile maneno namuambia kila asubui mbele nivuke barrière ya mupaka."

Saidati akainua uso, akamtazama mwalimu wake.

"Ao ulinidanganya?" mama akauliza.