Wimbo Mmoja Uliovuma

Saa tisa alasiri, katika nyumba ya wazee huko Spånga, Uswidi, Veneranda aliweka sahani ya santuri kwenye gramafoni ya mumewe.

Ilikuwa albamu yao ya kwanza, na hawakutoa nyingine. Mwaka 1983, wakiwa wanafunzi, walianzisha bendi ya new wave, muziki wa roki wa enzi hizo, na Waswidi wawili. Yeye aliimba, mumewe akapiga kinanda. Wimbo mmoja tu ndio uliovuma, ukapigwa redioni kiangazi kizima.

Ulipoanza, vidole vya mzee viliamka. Vikacheza juu ya blanketi, kila noti mahali pake, bila kukosea.

"Dada," alisema, maana siku hizi alimdhania mkewe kuwa muuguzi, "unamjua huyu anayeimba?"

"Namjua. Ni mimi, Baba Josefin."

Akaweka jalada la albamu, lenye picha yake ya ujanani, karibu na shavu lake mwenyewe. Mzee akaitazama picha, akamtazama na yeye, kisha akatabasamu kwa adabu.

"Huyu bado binti mdogo. Ametoka mara moja tu. Namsubiri."

Kiitikio kilipofika Veneranda alivuta pumzi, akaimba pamoja na sauti yake ya miaka ishirini na miwili, maneno yaleyale, kwa koo lililokauka.

Vidole vikasimama.

"Dada, nakuomba," mzee alisema, machozi yakimlengalenga. "Nyamaza kidogo. Simsikii mke wangu."

Veneranda akanyamaza.