Joto la Viganjani

Tangu minara ya simu ing'olewe, sauti za watu hupita miilini mwetu. Kila mtu ana antena nne chini ya ngozi, mbili mabegani na mbili viganjani. Salamu huingia kwa jirani, ikatoka ikaingia kwa mchuma chai, mpaka imfikie mwenyewe. Salamu ya mwingine ikipita kwako, maneno huyasikii. Unahisi joto tu, kama jua la asubuhi.

Antena hazifi na mtu. Mume wangu Ambakisye tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na kila nikipalilia pale viganja vyangu hupata joto. Bado ananipa salamu za watu nizipeleke mbele.

Jana alikuja fundi wa mtandao, binti mpole mwenye ramani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Akanywa. Akaniuliza afya yangu mara mbili, kisha akaikunjua ramani.

"Bibi, sauti hazivuki bonde lile. Tunaomba siku yako ikifika, uzikwe kule."

"Mimi nitalala kwa mume wangu."

"Antena zenu zikikaa pamoja, za mmoja wenu hazina kazi."

Hasira zikanipanda. "Basi mzimeni mmoja wetu! Bondeni siendi."

Akayaandika maneno yangu, akashukuru kwa chai.

Leo nimepalilia migomba yote. Nimekilaza kiganja juu ya kaburi, nikangoja mpaka umande ukakauka. Udongo ni baridi, kama udongo wowote.