Kurasa Sita za Kisimani

"Samaki wa kisimani hali sikio la mtu," alisema Profesa. "Kaa chini."

Fundi umeme akakaa. Alikuja na nadharia yake kwenye kikaratasi, ameifikiria wiki nzima akiwa juu ya ngazi, nayo ikafa kwa sentensi moja. Profesa hata hakumtazama. Alikuwa anafuta miwani.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri walikutana chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, watu kumi na mmoja, kuijadili Mnara wa Chumvi, riwaya ya kichawi ya juzuu tano. Na kila Jumamosi waliishia pale pale: juzuu ya tatu, ukurasa wa 212, mchawi Kinyonga anapoingia kisimani na fimbo yake na masikio yake mawili. Ukurasa unaofuata ni wa 219. Kinyonga anatoka hana fimbo, hana sikio la kushoto, wala haelezi. Kurasa sita hazipo, na mwandishi alishafariki, hakuna wa kuulizwa.

Profesa alikuwa na jibu lake. Kurasa hizo hazikuandikwa. Mwandishi aliziruka makusudi, namba na vyote, kwa sababu uchawi uliofanyika mle kisimani hausemeki. Miaka sita alikuwa akiwahubiria hilo, na ndilo lililompa kiti cha mwenyekiti, kile chenye mto.

Wangempinga kwa kitu gani? Juzuu ya tatu haichapwi tena. Nakala ilikuwa moja tu mji mzima, ya maktaba, na yeye ndiye aliyeiazima akawatolea wote fotokopi. Bila yeye wasingekuwa hata na cha kubishania.

Wajinga watupu, lakini aliwahitaji. Profesa lilikuwa jina la hapa tu; siku za kazi alisahihisha kadi za harusi na kalenda kwenye kiwanda cha uchapaji, ambako hakuna aliyewahi kumwambia asante kwa koma aliyoiokoa. Hapa tu ndipo alipokohoa watu wakanyamaza. Siku kitendawili hiki kikiteguliwa, nani atapoteza Jumamosi yake kuja kumsikiliza yeye?

"Labda zilichanika," alisema mama mmoja mgeni.

Alikuwa na wiki tatu tu tangu ajiunge, mtu wa kimya, anakaa karibu na mlango na mkoba mapajani. Profesa hakuwahi kumuuliza anafanya kazi gani. Alimwona kama mtu aliyekosea chumba.

"Zilichanika," Profesa alirudia taratibu, ili wenzake wacheke. Wakacheka. "Mama, hiki si kitabu cha risiti. Umesoma juzuu ngapi?"

"Zote. Mwandishi huyu hajaruka namba mahali pengine popote."

"Basi umesoma kwa macho tu."

"Inawezekana," alisema mama. "Ila kaka yangu huko anakoishi amenitafutia juzuu ya tatu, nzima. Jumamosi ijayo nitakuja nayo niwasomee."

Wiki hiyo kalenda moja ilipita mikononi mwa Profesa ikiwa na Februari mbili. Usingizi aliusikia kwa jirani. Alijiambia huyo mama ni muongo, kisha akajiuliza kama si muongo itakuwaje, na chakula kikamshinda.

Jumamosi ilipofika watu walikuja kabla ya saa. Msusi alikuwa amefunga saluni mapema. Mama akatoa mkobani kitabu kinene kilichovikwa karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa kwa ustadi mkubwa. Akakisimamisha usoni pake, akafungua katikati, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Kinyonga aliteremka ngazi arobaini. Chini alimkuta mwanamke mwenye taa, mlinzi wa kisima, akimdai malipo. Kinyonga akachomoa kisu cha fedha, akakata sikio lake, akampa. Kisha akaitupa fimbo majini, ikazama."

"Basi?" aliuliza msusi. "Miaka sita yote ni hicho tu?"

Fundi umeme alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Profesa, si ulisema hausemeki? Mbona umesemeka kwa dakika moja."

Kicheko Profesa angeweza kukimeza. Kiwandani alishameza vingi. Angeweza hata kutabasamu, akasema mwandishi amewachezea wote, akabaki na kiti chake. Alijua hivyo, na alikaza meno. Lakini kile kisu kilimkaa kooni, na ile fimbo iliyozama ikamkaa juu ya kisu, na mama alikuwa bado anaendelea.

"Yule mwanamke akainua taa yake, amtazame Kinyonga usoni..."

"Taa ya nini?"

Profesa alikuwa amesimama, kidole hewani, kama kazini mbele ya ukurasa mbovu.

"Mlinzi wa kisima ni kipofu," alisema kwa hasira. "Wala hakuna kisu. Sikio alilikata kwa kigae cha mtungi. Na fimbo hakuitupa, alimwachia yule kipofu ajishikizie. Kama unasoma, mama, soma kilichoandikwa."

Hakuna aliyecheka. Fundi umeme aliitazama fotokopi yake, kisha akamtazama mwenyekiti. Msusi naye alimtazama, mdomo wazi.

Mama alifunga kitabu. Akavua karatasi ya kaki taratibu, bila kuichana, akakilaza mezani mbele yao. Kilikuwa kitabu cha hesabu cha darasa la sita. Juu yake akaweka kadi ya maktaba ya juzuu ya tatu, ya zamani, yenye jina la mwazimaji mmoja tu.

"Kurasa sita za maktaba yangu," alisema. "Nenda kazilete. Tunakungoja."