Kiota Kilichoezuliwa

Tarehe nne Februari kulipambazuka na ukungu, kisha jua likachoma. Kundi la wapiga picha lilizunguka hifadhi ya msitu tangu asubuhi. Mwanakheri alikuwa hoi, miguu imevimba, na hajapata picha hata moja. Alipoona kiota chenye makinda wawili, alivunja tawi lililokifunika na kumziba asione, akapiga picha.

"Shangazi, umewaezulia nyumba!" alimaka Chande, kiongozi wao.

Makinda walitweta juani, midomo wazi. Mwanakheri akaufungua mkanda wa kamera, akalifunga tawi pale lilipokuwa.

"Litanyauka kabla ya kesho," Chande alisema.

Mwanakheri aliwageukia wenzake wote. "Mungu anasikia, nanyi mnasikia. Kesho alfajiri nitaleta jani la mgomba kutoka kwangu. Na kila alfajiri, mpaka waruke."