Sehemu ya Kugombana

Kidole cha Dalisay kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Angebonyeza mara moja tu, na wimbo wa wiki nzima ungepotea.

Alikuwa amejikunyata ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani, kwa sababu hapa Malabon, pembezoni mwa Manila, studio ya bure ni kabati lako mwenyewe. Jasho lilimdondoka hadi kwenye maikrofoni. Miaka yote hii watu wa redio wanamwambia anachana mistari mno, na marapa wanamwambia anaimba mno. Leo hata kujibishana nao kulimchosha. Kiitikio kilikuwa kimemshinda. Kila alipokiimba, kilitoka kama cha mtu anayeomba radhi.

Ndipo akakisikia kikiimbwa upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Mama jirani alikuwa anafua. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, haina haraka, kama ya mtu aliyelia mpaka akachoka. Hakukosea hata neno.

Dalisay akatoka kabatini, akafungua dirisha.

"Mama, huu wimbo umeujulia wapi?"

"Nimeujulia wapi? Tangu Jumatatu unatupigia kelele, hata jogoo wa mume wangu anaujua!" Akakamua shati. "Mbona umenyamaza sasa? Hebu anza ile sehemu yako ya kugombana. Hii nyingine niachie mimi."

Dalisay akauvuta waya wa maikrofoni. Ukafika dirishani, ukagoma hapo.

"Mama," akasema, "sogeza beseni huku."