Mikono Isiyotulia

Tangu astaafu ukunga, Bi Mwanaidi hakujua kutulia. Asubuhi ile aliosha vikombe vyote vya kabatini, akavifuta, kisha akaanza kuviosha upya. Wifi yake, Bi Tabasamu, aliyekuja kumjulia hali, akamshika mkono.

"Wifi, hivyo si umeshaviosha?"

"Nikikaa, mawazo yananila. Moyo unanienda mbio bila sababu."

"Umemwambia nani?"

"Waseme nimerukwa na akili kwa uzee?"

"Mimi nilikwenda kwa daktari alipofariki kaka yako. Hakunicheka."

Bi Mwanaidi alimkodolea macho. Miaka yote hiyo hakujua. Akavaa viatu, akavivua, akavivaa tena.

"Utaingia nami kwa daktari?"

"Nitaingia."

Bi Mwanaidi akatoka upesi, kanga ikimning'inia begani, kisha akasimama katikati ya njia kumngoja.