Kengele ya Bani

Kitendawili! Mlinzi wangu hana macho, lakini joto likizidi huliona kabla yangu. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimekwenda Nzega, nimekula wali, nimerudi: ni kengele ya bani.

Pelagia alikuwa mtunza moto wa bani, mlimokaushwa tumbaku yote ya kijiji. Mchana ule kalamu ya mashine mpya, inayochora joto kwenye karatasi, ilipanda ikapita alama nyekundu. Kengele ikalia.

Hakuja mtu. Sauti yake na ile ya kengele ya kuitia watu kazi ya shamba la ujamaa zilikuwa mapacha, basi kijiji kizima kikapenya milango ya uani, kikajificha porini.

“Bibi, sasa tutawaitaje?” akauliza fundi aliyeifunga mashine.

Pelagia alivuta gogo kutoka tanurini kwa khanga iliyoloweshwa, akatazama kalamu. Ilikuwa bado inapanda, taratibu, kama konokono ukutani. Majani ya juu yalianza kunuka kuungua.

Akajifuta jasho.

“Kapige ngoma, mwanangu. Wakija kucheza, nitawagawia ndoo.”